Kurasa Alizochana Baba

3 Machi

Mdogo wangu,

Habari za huko, na kifua chako kimepona? Sisi wazima, ila mimi nimepigwa na butwaa tangu jana alasiri. Keti kwanza.

Nilikwenda kuutazama ule mchezo wa mtu mmoja unaotusema, "Baba wa Waandishi". Nilikwenda na wakili, nia yangu tuuzuie. Akatoka mzee na ovaroli ya fundi baiskeli. Nikamnong'oneza wakili, huyu mwigizaji kamwiga Baba mpaka kuchechemea. Kumbe ni Baba mwenyewe. Miaka ishirini na mbili hatujamtia machoni, na yuko pale anajisimulia mbele ya ukumbi mzima.

Zile kurasa za madaftari yetu, tulizoandika kitabuni mwetu kwamba alizichana kwa chuki ya elimu? Anasema alikuwa hajui kusoma. Alizichana ampelekee kinyozi jirani na karakana yake amsomee, na madaftari yenyewe akatuachia tuendelee nayo shuleni. Akazikariri. Jana ameitoa kichwani hadithi yangu ya mbuzi mwenye miwani, ya nilipokuwa na miaka tisa, hakuruka hata neno. Watu walicheka. Nilitoka kwa mlango wa nyuma kama mwizi.

Tumemwita katili mbele ya dunia. Mchezo unakwisha tarehe 18 Aprili. Tufanyeje? Nijibu upesi.

Dada yako

10 Aprili

Dada,

Shikamoo, na pole kwa kusubiri. Kifua kimepona. Nimeandika barua nne nikazitupa.

Nilijua. Nikiwa na miaka minane Baba aliniletea karatasi ya hospitali ya Mama nimsomee, akaniomba nisikwambie, maana wewe ulimwona anajua kila kitu. Ulipoandika sura ile nilijua tunamsingizia. Nikanyamaza, na jina langu likakaa kwenye jalada pamoja na lako. Sina la kujitetea.

Mdogo wako

19 Aprili

Mdogo wangu,

Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa sakafuni. Mimi nilikosa kwa kutojua. Wewe ulijua miaka yote hii, na tukala sahani moja.

Jana nilimfuata Baba nyuma ya pazia, anavua viatu. Nilimwomba radhi, nikalia mpaka nikaona aibu. Akanipa kitambaa chenye grisi nijifute.

Halafu akauliza, "Mdogo wako hakukwambia kitu?"

Nikasema miaka yote ile hukuniambia.

Akacheka kwa furaha. "Nilimwomba asiseme. Mtoto wa kuaminika yule. Anakuja lini?"

Njoo umjibu mwenyewe.

Dada yako