Watu Sita wa Prévention

Jumatatu, 4 Novemba 1974

Barua ya mkutano tena. Nimeipiga kwa mashine mara ya tatu, kwa sababu mkuu wa ofisi anataka neno "ushirikiano" litangulie "uhalifu". Wageni wa Rwanda na Burundi wanakuja Alhamisi, hapa Bukavu, mtaa wa Muhumba, tuzungumze jinsi ya kuzuia wizi bila viboko. Halafu tutawapeleka mtaa wa Kasha kuona karakana yetu: Papa Cirhuza na wenzake watano. Wote walifungwa zamani kwa kuvunja nyumba. Sasa wanatengeneza milango. Nani anajua udhaifu wa mlango kuliko wao? Mtaa mzima unawapa kazi. Monsieur Védaste wa Cyangugu, Rwanda, anataka kuanzisha karakana kama hii kwao.

Kamanda wa askari nimemwandikia kijibarua cha Kiswahili, asije akasema hakuelewa.

Jumatano, 6 Novemba

Karakana imefungwa. Mke wa Cirhuza anasema askari walikuja jana asubuhi na camion, lile lori lao, wakawachukua wote.

Nimekwenda kwa kamanda. Nimengoja hadi saa nane. Amefurahi kuniona!

"Citoyenne, kila kitu iko tayari. Watu yako yote sita iko ndani."

Nilidhani ananitania. Akanionyesha kijibarua changu. Mwandiko wangu mwenyewe: "Tafadhali uandae watu sita wa prévention kwa ajili ya wageni." Na majina yao chini, yamepangwa vizuri.

Mjinga mimi. Hapa Bukavu ukisema fulani yuko prévention, hata mtoto anaelewa: yuko kasho, yaani rumande, anangoja hakimu. Mimi nilitaka kusema kuzuia uhalifu. Neno la Kiswahili lipo, nikaona la Kifaransa lina heshima zaidi. Heshima!

Kamanda hataki kuwatoa bila barua ya kufuta barua. Mkuu hasaini kitu kabla ya mkutano. Nimebamiza mlango wa ofisi hadi kioo kikalia.

Alhamisi, 7 Novemba

Asubuhi nimepeleka ugali kasho. Cirhuza amelala siku mbili juu ya simiti. Hakupandisha sauti.

"Maman, walituonyesha barua yako. Tukapanda camion sisi wenyewe."

Najichukia.

Kisha mkutano. Hotuba nne kuhusu utu wa mfungwa. Karibu saa nzima wamebishana bendera ya nani ikae katikati. Védaste akauliza tunaenda Kasha saa ngapi. Mkuu akakohoa, akasema karakana inafanyiwa matengenezo.

Nikasimama. Sikupewa nafasi ya kusema, nikasema. Kwamba mafundi wako kasho, kwamba kosa ni neno moja, na neno ni langu. Mkuu amenitazama kana kwamba nimevua nguo. Mgeni wa Burundi akainamia karatasi zake.

Védaste hakucheka. Akasema basi kesho tutawaona hukohuko waliko.

Ijumaa, 8 Novemba

Kamanda hakujua amwite Védaste Citoyen, kama tunavyoitana sisi wa hapa, au Monsieur, akamwita Excellence. Védaste akasema amevuka mto Ruzizi kumwomba fundi Cirhuza aje kuwafundisha watu wake, na angependa kumwomba akiwa nje. Basi. Hatukumaliza hata chai. Wote sita nje, na kamanda akawapa mkono mmoja mmoja.

Mimi nimebembeleza siku mbili, mzaliwa wa mji huu, karatasi mkononi. Mgeni amesema mara moja tu. Nimefurahi na nimekasirika, na hasira ndiyo kubwa.

Mkuu amenipa barua ya onyo. Ina makosa mawili ya herufi. Nimeyapigia mstari.

Jumatano, 13 Novemba

Mvua tangu asubuhi. Nimekwenda Kasha kwa miguu.

Wamerudi wanne. Wawili hawataki tena kazi ambayo serikali inaijua. Sikuwabembeleza. Nimemwambia Cirhuza kosa lilikuwa langu, lote. Amesema anajua. Kuhusu Cyangugu, atafikiri.

Amehamisha meza yake. Zamani ilikuwa chini ya dirisha, sasa iko ukutani nyuma kabisa, na anafanya kazi akitazama mlango. Nimemuuliza kama mwanga unamtosha pale. Amesema unatosha.

Hautoshi. Nimeshika ncha ya pili ya ubao, naye akaendelea kupiga randa.