Ulichoniomba Kwenye Korido ya Mahakama

Baba Kabwe, mume wangu,

Watoto wamekwenda kanisani. Nimebaki peke yangu, nakuandikia wewe usiyeweza tena kusoma.

Mara ya kwanza ulipokamatwa na bangi, juji alikuhurumia. Alikupa miezi sita ya gereza, lakini yenye sursi: ungerudi nyumbani kwetu Kampemba na kuendelea na kazi yako ya kupakia shaba kwenye mabehewa. "Citoyen," alikuambia, "ukikamatwa tena, hii miezi sita itaamka, na adhabu mpya itakuja juu yake." Tulitoka pale tukicheka kama watu waliokoswa na gari. Ukaniahidi kwamba imekwisha.

Nilikuamini mpaka asubuhi nilipofungua kopo la zamani la maziwa ya mtoto wetu mchanga Ngoie, nikakuta bangi imefungwa kwa gazeti.

"Ni kidogo tu, Mama Kabwe," ulisema. "Mugongo inaniuma."

Nikakuomba uitupe chooni. Ukasema jioni.

Jioni haikufika. Majandarme walipita nyumba kwa nyumba katika avenue yetu wakitafuta waya wa shaba ulioibwa. Wala hawakukutafuta wewe. Mmoja alilifungua kopo kwa sababu tu aliliona jepesi mno kwa kopo la maziwa.

Siku ya kesi, maana waliandika majina yetu sote wawili, tulisimama kwenye korido, Ngoie mgongoni kwangu. Ukaninong'oneza:

"Sema bangi iko yako. We hauna dosie, haujakamatwa hata siku moja, batakupa sursi, utarudia ku nyumba. Mi, bataniunganishia yote."

Pengine ulisema kweli. Lakini mimi niliwaza: na kama huyu juji hana huruma? Nikajiona ndani, maziwa yakinijaa kifuani, na mtoto akilia kwa jirani.

"Siwezi," nilikujibu.

"Mama Kabwe."

"Naogopa. Siwezi."

Juji aliuliza bangi ni ya nani. Ukaniangalia. Nikaangalia sakafu. Ukamgeukia juji, ukasema, "Ni yangu." Sursi ikavunjwa palepale: miezi sita ya zamani, na mwaka mzima wa kosa jipya. Wiki iliyofuata kampuni ikafuta jina lako.

Ulirudi umekonda hata Ngoie akajificha nyuma yangu. Hukunilaumu hata kwa neno moja. Uliuza makala sokoni, mikono ikiwa myeusi kwa mkaa, ulicheka na majirani, ukaniita Mama Kabwe kama zamani. Na mimi nikakuogopa miaka yote ile. Ulipokohoa tu mezani, nilidhani sasa utasema.

Ulipougua tukiwa kwa dada yako, kule mji wa Kambove, ulinishika mkono ukafungua kinywa. Nikasema nakwenda kukuletea maji. Nilikawia kwa makusudi, Baba Kabwe, nikisuuza kikombe kilichokuwa safi. Niliporudi ulikuwa umelala, na hukusema tena mpaka tulipokuzika.

Labda ulitaka kuniambia umenisamehe. Labda ulitaka mimi nikusamehe. Lakini ninachoogopa hata leo ni kwamba ulitaka kuniomba jambo lile upya, ili ujue kama siku zimenibadilisha. Hazijanibadilisha. Ningejibu vilevile.

Pumzika, baba ya watoto wangu. Nasikia sauti zao barabarani, acha nikaushe uso.

Mke wako,
Mama Kabwe