Mlango wa Upande wa Barabara

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Siku ya tatu ndani. Wameniachia daftari la safari za gari, nami nitaandika humo, maana nikikaa bure nitaanza kuongea na ukuta kama Kizza.

Kizza ndiye mwenzangu wa chumba. Mganda mwenzangu, dereva wa boda, yuko hapa kwa kuendesha upande usio wake. Anaapa kwamba kwetu Kampala huo ndio upande wenyewe. Kiganda anasoma, na macho yake hayana adabu. Kiingereza sajini anasoma. Kwa hiyo naandika Kiswahili – nilikipata nikiwa taniboi, msaidizi wa dereva, kwenye malori ya Mombasa. Humu ndani hakuna atakayehangaika nacho.

Sajini Arkangelo anasema sijafungwa, nimehifadhiwa. Dereva aliyepata ajali anakaa hapa mpaka mgonjwa atoke hatarini, maana huko nje ndugu za mgonjwa wanaweza kummaliza. Kuhifadhiwa! Kufuli la mlango ni kubwa kuliko kiganja changu.

Niandike basi. Gari la hoteli lilitoka Uganda, usukani kulia. Kwetu tunaendesha kushoto, mlango wa abiria unafunguka pembeni, mtu anashuka kwenye nyasi. Hapa Juba wanaendesha kulia. Mlango uleule unafunguka katikati ya barabara. Magari mengi ya abiria pale soko la Custom yako hivyo, na watu wanashuka roho mkononi.

Mimi nina utaratibu wangu. Miaka kumi na moja. Nasimamisha, nashuka, nazunguka, nasimama barabarani na mkono juu, ndipo nafungua. Wafanyakazi wa Amarat, hoteli yetu, wananicheka, wananiita trafiki. Wacheke. Sijapoteza hata kiatu cha abiria.

Jumamosi saa kumi na moja jioni, karibu na Custom, Nyadak wa mapokezi alishuka. Landikruza nyeupe isiyo na namba ikampiga. Haikusimama. Kwenye maelezo nimeandika: abiria alifungua mlango. Ni kweli alifungua.

Kaka yake alikuja asubuhi. Nyuon. Kijana mrefu, anainama kuingia kila mahali. Nilirudi nyuma mpaka ukutani. Kumbe ameleta mkate na maharage. Akasema:

"Mzee, wengine walikuwa wanapiga video. Wewe ndio ulimbeba."

Nyadak hajaamka. Mguu wa kulia umevunjika mara mbili, kichwa kimevimba. Sajini alipotaka maelezo yangu sikuwa na kalamu, Nyuon akanipa yake. Akasema nikae nayo, nitamrudishia nikitoka.

Maharage yalikuwa na chumvi nzuri. Niliyala yote, na hilo linaniuma.

Jumanne, 5 Novemba

Hajaamka.

Kizza anataka kujua landikruza ilikuwa ya nani. Nani atajua? Haina namba, vioo vyeusi. Anasema mimi iko na bahati, watu waliona ile gari, si mimi nimegonga. Nikamwambia anyamaze. Akanuna mpaka chai.

Alhamisi, 7 Novemba

Nyuon kila siku. Leo alikaa sakafuni upande wake wa nondo, mimi upande wangu. Hospitali wanamfukuza wodini saa nne, nyumbani mama analia, basi anakuja huku kwa sababu hapa kuna mtu anayesubiri kitu kilekile. Ndivyo alivyosema.

Walikulia Nairobi, Kayole. Nyadak ndiye aliyekuwa anamvusha barabara kwenda shule. Alikuwa anamkaba kwenye kola ya shati, hata alipokuwa darasa la nane na amemzidi urefu. Nyuon alicheka akisimulia. Kisha akaniuliza alikuwa na hali gani mle ndani ya gari, alikuwa anaongea nini.

Nilisema alikuwa amechoka. Alikuwa ameshika mfuko wa ndizi wa mama yake.

Hakuuliza zaidi. Nilitaka aulize na nilitaka aondoke.

Ijumaa, 8 Novemba

Homa imepanda. Nyuon hakukaa. Nimemwomba Mungu amwamshe. Halafu nimeona sikumaliza sala – nimeishia katikati kama mtu aliyeshtukia kitu.

Jumapili, 10 Novemba

Kanisa la jirani wanaimba tangu asubuhi. Kizza anaimba nao kutoka hapa, sauti ya tatu, hakuna aliyemwomba.

Basi. Kama siandiki leo sitaandika.

Siku ile meneja alikuwa anapiga simu. Mgeni ametua uwanja wa ndege, amesimama juani, niko wapi? Nyadak hakuwa hata kwenye safari yangu. Nilimpa lifti kwa sababu ni njia moja na kwa sababu ananiita anko. Nilisimamisha mahali pake. Alikaa akanisubiri. Hiyo ndiyo sehemu ninayoiruka kila nikisimulia: alikaa, mfuko mapajani, akanisubiri nizunguke nimfungulie, maana amenizoea.

Simu ikalia tena. Nikamwambia, "Shuka tu, hakuna kitu."

Kioo cha kushoto sikukitazama. Nilikuwa natazama simu.

Akasema asante anko. Akafungua.

Miaka kumi na moja ya kuzunguka gari! Siku moja tu sikuzunguka. Na aliyesikia ni mmoja, naye amelala na bomba mdomoni. Nataka aamke. Akiamka atasema. Nataka aamke hivyohivyo. Lakini moyo wangu haukai mahali pamoja, unaenda huku unarudi huku, nami nauonea aibu.

Jumatano, 13 Novemba

Ameamka.

Nyuon alikuja mbio, akasahau kuinama, akajigonga kwenye fremu ya mlango. Alikuwa anacheka na kushika paji la uso. Ameamka jana mchana, ameomba maji, amemtambua mama. Nilishika nondo nikalia mbele za watu. Kizza pia akalia. Sajini Arkangelo akasema kalas, kalas, basi sasa, mtu mzima.

Nililia kwa furaha. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Na wakati huohuo nilikuwa kama mtu aliyeitwa mbele ya hakimu.

Nikauliza amesema nini.

Hakumbuki, Nyuon akasema. Anakumbuka geti la hoteli, anakumbuka ndizi. Halafu wodi.

Nilikaa chini. Nyuon alifikiri ni uchovu, akanipa maji yake.

Mke wangu Mirembe ananisubiri Jinja, nimemtumia salamu kwamba gari limeharibika njiani. Mwanamke yule anajua nikidanganya hata kwa simu. Leo nimejua ningeweza kurudi kwake. Nilifurahi kwa muda wa kunywa kikombe cha maji.

Kisha Nyuon akasema jambo jingine. Mama yao amekaa pembeni ya kitanda, kila daktari akipita anamlaumu binti: nani alikwambia ushuke bila kuangalia? Mtu mzima, umekaa Juba miaka sita! Na Nyadak anageuza uso ukutani. Amemwambia Nyuon:

"Nilishuka kama niko Nairobi. Ni ujinga wangu."

Alhamisi, 14 Novemba

Saa sita mchana. Joto. Nyuon yuko hapa, sajini yuko hapa, na karatasi iko juu ya goti langu chini ya daftari hili.

Mambo yamekuwa mepesi ghafla. Mgonjwa yuko nje ya hatari. Familia imeandika kwamba haina neno na dereva, Nyuon ametia sahihi, mama ametia dole gumba. Karatasi iliyobaki ni yangu. Sajini anataka mstari mmoja uwe wazi: kwamba abiria alifungua mlango mwenyewe bila kuambiwa na dereva. Yale maelezo ya kwanza hayakusema aliambiwa au hakuambiwa.

"Wewe andika tu, mimi iko piga muhuri. Jioni unalala kwako."

Nikamuuliza Nyuon kuhusu mguu. Akatazama viatu vyake. Utabaki mfupi, madaktari wanasema. Atatembea na gongo. Hotelini wameshauliza ilikuwaje, amewaambia mwenyewe kwamba ni makosa yake.

Nikamwambia pengine si makosa yake. Akasema mimi ni mtu mwema, mzee, lakini Nyadak mwenyewe amekubali, tusimsumbue. Andika tu twende.

Nimeandika: Mimi Yafesi, dereva, nathibitisha kwamba abiria. Mkono umesimama hapo. Nimewaambia nataka kufikiri Kiingereza changu, nimerudi kwenye daftari.

Nikimaliza mstari ule, leo nitaoga. Kesho nitapanda basi la Nimule, mpakani. Na Nyadak kila atakapovuka barabara na gongo lake atajiita mjinga, mpaka awe bibi. Nisipoumaliza, sijui ni miezi mingapi humu, na wajomba zake si wote wana roho ya Nyuon. Mlango huu unafunguka upande mmoja tu na upande wenyewe ni mbaya.

Kizza ananiambia kwa Kiganda nisiwe mpumbavu. Kumbe ameona jasho langu.

Sajini anataka kwenda kula. Nyuon anagonga chuma kwa kidole, taratibu, anasema mzee, umemaliza? Anahitaji kalamu, ana fomu za wodi. Sasa ameliona daftari. Anauliza haya mengine yote ninaandika nini, ameinamisha kichwa kusoma, na amepitisha mkono kati ya nondo. Mtoto wa Kayole. Kiswahili amesoma miaka kumi na miwili.

Nimemwambia ngoja, mstari mmoja tu, nao nauandika humu daftarini.

Nyuon, mimi ndiye niliyemwambia shuka.

Mkono wake bado uko hapa, umefunguka.