Galaksi Uliyoiona Ukinisuka

Shangazi mpendwa,

Mama anasema huko Houston unauliza kama nimekukasirikia. Hapana. Ni aibu tu, na kwa mdomo siwezi.

Unakumbuka ile Jumamosi ulipokuja kunisuka hapa kwetu Carrollton? Nilikuwa nakagua picha za darubini kwenye laptop, za mradi wa shule wa kupanga galaksi kwa maumbo yake. Doa moja hafifu nilikuwa karibu kuliandika "yai", kama mengine yote. Ukanigonga kichwa kwa kitana.

"Yai gani, wewe? Hilo lina mikono. Linazunguka vile nywele zako zinazunguka hapa utosini. Mimi na kusuka kote huku, nikose kuona mzunguko?"

Nikaongeza mwanga. Mikono miwili, myembamba kama nyuzi. Baadaye wataalamu wakathibitisha: galaksi yenye mikono inayojipinda, ya mbali kuliko zote tulizokagua, na hakuna aliyekuwa ameitambua.

Siku ya maonyesho ya shule, mwalimu akakuuliza kwa Kiingereza kama umeiona picha yangu. Yangu! Ukamjibu kwa Kiswahili, kirefu: utosi, kitana, hata ukaniinamisha kichwa umwonyeshe. Wenzangu wakacheka. Nami nikafasiri: "Anasema anajivunia mimi."

Kwenye gari ukasema, "Maneno yangu yote yale yakatoshea hapo? Kweli Kiingereza kinabana." Nikacheka. Wewe hukucheka. Nilikuwa nimesahau kwamba kazini unashinda ukitunza wazee wasiojua Kiswahili. Kiingereza unakisikia vizuri, ni kukiongea tu kunakokusumbua. Ulisikia kila neno, na bado ukaninunulia soda njiani.

Wiki hii shule inataka kuandika habari za "ugunduzi wangu". Jana wenzangu walipotoka nikabaki, nikamwambia mwalimu yote, pamoja na ile tafsiri. Sauti ilitoka kidogo mpaka akaniambia nirudie. Nikarudia. Akachukua kalamu, akaniuliza jina lako kamili.

Umenisuka tangu sijaanza shule, na mimi najua "Shangazi" tu.

Ningemuuliza Baba, lakini hapo ningekuwa nakuruka tena. Niandikie mwenyewe, majina yote, vile unavyotaka yaandikwe. Useme pia kama unakubali yatangulie langu. Ukikataa hata kuwa na mimi kwenye ukurasa mmoja, nitamwambia mwalimu hivyo hivyo ulivyosema. Safari hii neno kwa neno.

Nisamehe,
Binti wa kaka yako