Wimbo wa Anti Ayuma

Jumatatu, 1 Desemba
Sijamwambia mtu yeyote: shairi lile si langu. Ni la Anti Ayuma, anayetufanyia kazi za nyumbani. Huliimba kwa Kiluhya akifua nguo, akimlilia mtoto wake aliyezikwa kwao Khwisero. Nilijibanza nyuma ya mlango wa jikoni, nikaandika neno kwa neno, nikalitafsiri kwa Kiswahili, nikabadilisha jina la mtoto. Juzi nikalisoma barazani kwetu mbele ya wageni wa Mama: washairi, wachoraji, mwanamke mwenye duka la sanaa. Wakasimama kunipigia makofi.

Leo Anti ameanika blauzi niliyovaa siku hiyo. Nimeshindwa kumsalimu.

Jumatano, 3 Desemba
Mhariri mmoja aliyenisikia barazani amepiga simu. Shairi litafungua kitabu chao kipya. Mama keshanitafutia gauni la uzinduzi. Anamwambia kila mtu binti yake ametoka shule juzi tu na tayari ni mshairi. Nalichukia neno hilo. Najichukia zaidi.

Ijumaa, 5 Desemba
Nimemwambia Mama ukweli. Amecheka. "Wewe nawe! Fasihi simulizi ni mali ya jamii nzima. Si ndivyo mlivyofundishwa?"

Ndivyo. Niliandika jibu hilo kwenye mtihani mwezi uliopita, nikajiona nimejua. Takataka. Jamii nzima ilikuwa wapi mtoto alipowaka homa? Na nani alimpa Anti siku mbili tu za kuzika? Sisi. Siku mbili, kwa sababu Mama alikuwa na wageni.

Nina hasira mpaka vidole vinauma.

Jumamosi, 6 Desemba
Wageni tena. Mchoraji mwenye kofia akapaza sauti, "Haya, malkia wetu, soma ututoe machozi!"

Anti alikuwa akipitisha sinia ya sambusa. Nikasema shairi si langu, ni la huyu hapa. Sauti ilitoka kama ya kifaranga.

Kisha mwenye duka la sanaa akapiga makofi: basi Anti aimbe mwenyewe, wamrekodi! Simu nne zikainuliwa.

Anti akaweka sinia chini. "Hiyo ni ya matanga. Haiimbwangi watu wakikula sambusa." Akarudi jikoni.

Wakacheka. Wapumbavu. Na mimi ndiye niliyemweka mbele yao.

Jumapili, 7 Desemba
Anti ameenda kwao. Amebeba mfuko mkubwa kuliko wa kawaida. Mama haniongeleshi.

Jumatatu, 8 Desemba
Amerudi. Saa moja asubuhi alikuwa tayari kwenye karai.

Nilikuwa nimempigia mhariri. Shairi limeondolewa kitabuni. Nikamwambia Anti, nikamwomba msamaha. Hakusema amenisamehe. Alinisukumia beseni la kusuuzia. Tukafua pamoja.

Baadaye akauliza nilimwita mtoto nani kwenye shairi langu. Nikamwambia. Akatikisa kichwa. Akanitamkisha jina lake la kweli, polepole, mara tatu, mpaka nikalipata.

Karatasi ya shairi nimeichoma. Jina siliandiki hapa. Na wewe, yeyote utakayeokota daftari hili, ukimsikia akiimba nyuma ya nyumba yetu, pita tu. Usimwambie mtu.