Mtoto Aliyelala Mgongoni

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, mama. Huku Mungaa tu wazima. Babu yako yuko shambani, anagombana na ndege wanaokula uwele.

Umeuliza, huko ugenini unakosomea uuguzi, utambembelezaje mtoto mgonjwa ambaye lugha yake huijui. Mimi pia, miaka ile ya mwanzo ya Uhuru, nilipelekwa Ulaya kusomea uuguzi. Wodi ya watoto iling'aa kwa usafi, lakini mama hata mmoja hakuruhusiwa kulala na mwanawe! Kengele ikilia, wazazi wote nje. Sisi wanafunzi wageni tuliambiwa tutazame tu, tusiguse.

Mtoto mmoja wa kike, homa imekwisha kushuka, alimlilia mama yake mpaka sauti ikakauka. Uvumilivu ukanishinda. Nikatoa kanga mkobani, nikambeba mgongoni kama tunavyobeba huku kwetu, nikatembea naye polepole. Akalala. Kugeuka, muuguzi mkuu yuko mlangoni, kakunja uso. Nikajua narudishwa nyumbani. Akasogea, akasikiliza mtoto anavyopumua.

"Usimshushe bado," akaninong'oneza.

Kesho yake kengele ilipolia, alimwekea mama wa mtoto yule kiti kando ya kitanda.

Kanga niliyofungia barua hii ni ile ile; usiifiche kabatini.

Bibi yako