Pasi ya Katikati ya Mwezi

Thika, Ijumaa jioni, 1955

Wewe uliyefungua kurasa hizi, nakusihi, usimwambie mtu hata neno moja.

Tangu nimwoe Wambui, naenda kwake Ruiru kila mwisho wa mwezi, nikishalipwa, na kila mara namkuta kwenye siku zake. Juzi nesi wa misheni alimweleza kwamba mimba hushika katikati, kati ya hedhi moja na nyingine. Mwezi huu siku hizo zinaanza leo.

Siku hizi za hali ya hatari, bila pasi ya kusafiria, askari wa kizuizi cha barabarani hawanipitishi. Nilisimama mbele ya Mzee Njoroge, anayeandika pasi.

"Sababu ya safari?"

"Mke wangu, mzee."

"Mgonjwa?"

"Hapana. Mzima kabisa."

"Wiki ijayo haifai?"

"Haifai, mzee."

Alinitazama, kisha akacheka polepole. "Naandika mambo ya nyumbani. Nikiandika kweli, askari watakusindikiza mpaka mlangoni."

Pasi ninayo. Naogopa tu nesi asiwe amekosea. Mama ameshaanza kumtazama Wambui vibaya, na mimi...

Anayenihitaji anitafute Ruiru, chumba cha mwisho nyuma ya mshonaji. Abishe Jumapili baada ya kanisa. Kabla ya hapo sifungui.